Lenzi ya Karibu Katika Ziwa Kivu: Si Kila Yenye Nguvu Ndiyo Inayofaa

Alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya milima ya Nyungwe, mitumbwi ya sambaza hurejea Cyangugu kutoka kazini. Huja ikiwa imefungwa mitatu mitatu kwa miti mirefu, taa za usiku zimekwisha kuzimwa, na wavuvi wakiimba kwa pamoja ili makasia yaende sawa. Ng'ambo ya pili, juu ya rasi zake, mji wa Bukavu huanza kuonekana katika ukungu. Askari wa doria asimamaye ukingoni huyaona maji ya Ziwa Kivu yametulia, naye aweza kudhani kwamba hapana jambo lolote chini yake.

Lakini chini ya uso ule kuna mambo mengi, na aghalabu ni madogo. Kuna samaki jamii ya furu, wa urefu wa kidole tu, ambao jike wao hubeba mayai na watoto kinywani. Kuna kaa wa maji baridi wajifichao baina ya mawe. Na mara nyingine kuna vitu vya kibinadamu: injini ya mashua iliyoibwa ikatupwa, kisu, simu, ganda la risasi, au bamba dogo la chuma lenye namba ambayo peke yake yaweza kumtia mtu hatiani, au kumwondolea mwingine tuhuma asiyostahili kuibeba.

Tuseme injini ya namna hiyo imelala katika kina cha mita 6, karibu na kisiwa cha Nkombo, na wavuvi wawili wanaigombania. Kila mmoja anazo karatasi zake. Mzamiaji wa polisi anashuka na kamera ndogo, ile iingiayo katika mfuko wa koti, na mbele yake amefunga lenzi ya kukuzia vitu kwa karibu. Amechagua yenye nguvu kuliko zote zilizokuwa dukani, kwa kuamini kwamba nguvu ndiyo ushindi. Anapanda juu, picha inafunguliwa, na tarakimu moja tu ya katikati inasomeka. Zilizobaki kushoto na kulia zimefifia. Ya mwisho je, ni 3 au ni 8?

Mtu ataweza kuuliza: si injini iinuliwe, isomwe nchi kavu? Naam, itainuliwa. Lakini picha iliyopigwa pale pale chini ndiyo ioneshayo kwamba namba ilikuwa hivyo kabla ya mkono wa mtu kuifikia, na kwamba skrubu za kuishikilia zilikatwa wala hazikulegea zenyewe. Baada ya kuinua, tope limekwisha kutibuka, kamba imekwisha kukwaruza bamba, na ile hali ya mwanzo haitarudi tena. Nafasi ni moja. Ndiyo maana uchaguzi wa kipande kidogo cha kioo, ambao kwa mpiga picha wa starehe ni jambo la anasa, kwa askari ni sehemu ya kazi.

MAJI NI ADUI WA MACHO

Yafaa kwanza tufahamu kwa nini mtu hulazimika kukaribia. Hewani, askari aweza kusimama mbali na kuvuta kitu kwa zumu ya kamera, na picha ikatoka safi. Majini haiwezekani hivyo. Kila sentimita ya maji iliyopo kati ya lenzi na kitu huiba jambo fulani. Kwanza huiba rangi: nyekundu hufifia sana katika mita 5 au 6 za mwanzo, kisha hufuata rangi ya chungwa na manjano, hata kila kitu kikabaki cha buluu na kijani. Pili huiba ukali wa picha, kwa sababu maji yamejaa chembe za udongo na mimea midogo sana ya kijani. Tatu hudanganya kipimo: kutokana na kupinda kwa mwanga, kitu kilichoko umbali wa mita 1 huonekana kana kwamba kiko sentimita 75, na huonekana kikubwa kwa theluthi moja zaidi.

Katika Ziwa Kivu chembe hizo zina majira yake. Wakati wa mvua, vijito vinavyoshuka kutoka milima iliyolimwa huleta udongo mwekundu hadi ukingoni. Mgeni hudhani kwamba kiangazi, tangu Juni hadi Agosti, maji lazima yatakuwa meupe. Sivyo daima. Katika miezi hiyo upepo na baridi huyachanganya maji ya juu, rutuba iliyokuwa chini hupanda, na mimea midogo isiyoonekana kwa macho huongezeka. Kwa hiyo hapana majira ambayo mzamiaji wa Kivu aweza kutegemea kwamba maji yatamhurumia. Dawa yake ni moja tu, nayo ni kupunguza maji yaliyopo katikati, yaani kukaribia.

Hapo ndipo kamera ndogo inaposhindwa ikiwa peke yake. Kamera nyingi za aina hiyo, zikivutwa kwa zumu yote, haziwezi kuona kwa uwazi kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 30 au 40. Mtu akisogea zaidi, picha yote huwa ukungu. Lenzi ya karibu, ifungwayo mbele ya kasha la kamera lisilopenya maji, huirekebisha kasoro hiyo kama vile miwani ya kusomea imrekebishiavyo mzee aliyeshindwa na maandishi madogo.

NAMBA YA DIOPTA NA MAANA YAKE

Nguvu ya lenzi hizi hupimwa kwa diopta, kipimo kile kile cha mtengeneza miwani. Kanuni yake ni nyepesi: chukua mita 1, igawe kwa diopta, nawe utapata umbali ambao kitu kitaonekana kwa uwazi kamera ikiwa imewekwa kutazama mbali kabisa. Lenzi ya +5 hutoa sentimita 20. Lenzi ya +10 hutoa sentimita 10. Lenzi ya +15 hutoa chini kidogo ya sentimita 7. Watengenezaji wengine hawaandiki diopta bali huandika umbali huo kwa milimita. Kwa mfano, kampuni ya Inon ya Japani ina lenzi iitwayo UCL-165. Namba hiyo yaonesha milimita 165, ambazo ni sawa na diopta 6 hivi. Mnunuzi asiyejua aweza kudhani kwamba 165 ina nguvu kuliko 100, kumbe ni kinyume.

Lenzi mbili zikifungwa moja mbele ya nyingine, nguvu zake hujumlishwa: +5 na +5 huwa +10. Jambo hili lafaa kukumbukwa na kila mwenye fedha kidogo, kwani lenzi mbili za wastani humpa mtu nafasi mbili za kazi, ilhali lenzi moja kali humpa moja tu.

Sasa tuangalie hesabu yenyewe, maana hapa ndipo lilipo kosa la yule mzamiaji wetu. Tuchukue kamera ndogo ya daraja la juu. Bamba lake la kupokea mwanga, lililo mahali palipokuwa na filamu zamani, lina upana wa milimita 13. Lenzi yake ikivutwa kwa zumu yote ina urefu halisi wa milimita 37. Kwa lenzi ya +5, upana wa eneo litakalojaza picha ni kama milimita 70. Kwa +10, ni milimita 35. Kwa +15, ni milimita 23 tu.

Bamba la namba la injini ya mashua aghalabu huwa na upana wa sentimita kadhaa. Lenzi ya +5 hulimeza lote pamoja na rula ndogo pembeni. Lenzi ya +15 hula kipande cha katikati na kuacha pande zote mbili nje.

Lakini hasara kubwa zaidi haimo katika upana, bali katika kina cha uwazi, yaani ile sehemu ya mbele na nyuma ionekanayo vema kwa wakati mmoja. Kwa kamera hiyo hiyo, tundu la lenzi likiwa limebanwa hadi f/8, lenzi ya +5 huacha kina cha milimita 6 hivi. Lenzi ya +10 huacha chini ya milimita 2. Lenzi ya +15 huacha chini ya milimita 1. Ndugu msomaji, milimita 1 ni unene wa ukucha. Mzamiaji anayeyumbishwa na wimbi, mwenye kupumua kwa mtungi, hawezi kushika mkono wake katika unene wa ukucha. Na bamba likiwa limelala upande kidogo tu, tarakimu moja itakuwa ndani ya uwazi na nyingine zote zitakuwa nje. Hivyo ndivyo 3 inavyogeuka kuwa 8.

LENZI YA HEWANI IKITIWA MAJINI

Wapo watu ambao, kwa kubana matumizi, hununua lenzi za kawaida za karibu ziuzwazo kwa ajili ya kamera za nchi kavu, na kuzifunga nje ya kasha. Fedha hizo zimepotea. Kioo hupinda mwanga kwa sababu ya tofauti iliyopo kati yake na kile kilichokizunguka. Kipimo cha kioo ni takriban 1.52, cha hewa ni 1, na cha maji ni 1.33. Hewani tofauti ni 0.52, bali majini ni 0.19 tu. Kwa hiyo lenzi ya +10 ikizungukwa na maji pande zote hubakiwa na theluthi moja na ushei ya nguvu yake, yaani chini ya +4.

Lenzi zilizotengenezwa kwa ajili ya maji hushinda tatizo hili kwa njia mbili. Ama vioo vyake hupindwa zaidi kuliko kawaida, ama hufungiwa hewa ndani, kioo cha nje kikiwa bapa, ili upindaji wote ufanyike ndani ya hewa hiyo. Zilizo bora huwa na vioo viwili vya aina tofauti vilivyounganishwa, ili pembeni mwa picha pasitokee michirizi ya zambarau na kijani. Kwa mpiga picha wa samaki michirizi hiyo ni kero. Kwa askari asomaye alama iliyochongwa kwenye chuma, yaweza kufuta ukingo wa herufi.

Je, mtu hawezi kuitia lenzi ya kawaida ndani ya kasha, mbele ya kamera? Aweza, na humo itafanya kazi kwa sababu imezungukwa na hewa. Lakini akishazama hawezi tena kuiondoa, na kamera yake itakuwa kipofu kwa kila kitu kilicho mbali. Picha ya mahali pote ataipigaje?

NI IPI BASI YA KUCHAGUA?

Ushauri wetu kwa kikosi chenye uwezo wa kununua lenzi moja tu ni huu: anzeni na ya +5 au +6. Hiyo ndiyo itakayosoma bamba la namba, mkato wa kamba, ufa katika ubavu wa mashua, na skrubu iliyoguguna. Humwacha mzamiaji umbali wa kutosha wa kuingiza mwanga kwa pembeni, na kina chake cha uwazi humsamehe mkono unaotikisika.

Ya pili iwe +10, au +5 nyingine ya kuunganisha na ile ya kwanza. Hii ni kwa alama ndogo: mhuri kwenye kitako cha ganda la risasi, namba iliyokwanguliwa kwa tupa, au kovu la chombo kwenye kufuli. Itumike pale tu mzamiaji awezapo kuegemea kitu imara.

Ya +15 na zaidi ni ya wataalamu wa viumbe. Wao hutafuta jicho la furu, au wale watoto wa samaki wachunguliao katika kinywa cha mama yao, au madoa yanayofanana na mayai ambayo madume wengi wa jamii ya furu huwa nayo kwenye pezi la chini. Kazi hiyo ni njema, na Ziwa Kivu lastahili kufanyiwa, kwani aina 15 hivi za furu wake hazipatikani penginepo ulimwenguni. Mmoja wao, Haplochromis adolphifrederici, alipewa jina la mwanamfalme wa Kijerumani aliyeongoza msafara wa uchunguzi katika nchi hizi mwaka 1907 na 1908. Kwa kulinganisha, sambaza wenyewe, wanaolisha soko la Kamembe na la Bukavu, si wenyeji wa asili: waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya mwaka 1958 na 1960.

Tena ziko kamera ndogo ambazo hazihitaji lenzi ya nyongeza. Kamera za Olympus za jamii ya TG, ambazo toleo la TG-5 lilitoka mwaka 2017, TG-6 mwaka 2019, na TG-7 likatoka mwaka 2023 kwa jina la OM System, huweza kuona kwa uwazi kitu kilichoko sentimita 1 kutoka kwenye lenzi, na huzama hadi mita 15 bila kasha. Kwa kikosi kidogo ni chombo cha kufaa sana. Walakini, yatupasa kukumbuka kwamba katika sentimita 1 kamera yenyewe huziba mwanga, hutia kivuli juu ya kitu, na mgongo wa mkono hutibua tope. Uwezo wa kukaribia hivyo si amri ya kukaribia hivyo. Afadhali kurudi nyuma sentimita kadhaa na kuvuta kwa zumu.

BAWABA, UZI NA KAMBA

Lenzi hufungwa kwa uzi wa skrubu, ambao kwenye makasha mengi una kipenyo cha milimita 67, au kwa bawaba iiwezeshayo kufunguliwa na kufungwa kama dirisha. Kwa kazi ya askari bawaba ni bora. Picha za ushahidi huenda kwa daraja tatu: kwanza mahali pote, kisha kitu pamoja na vilivyokizunguka, mwisho alama yenyewe kwa karibu. Mwenye bawaba hupitia daraja zote tatu bila kuondoa jicho katika kazi. Mwenye skrubu ana mkono mmoja uliofungwa.

Ikiwa hapana budi kutumia skrubu, lenzi ilegezwe kidogo mara tu baada ya kuingia majini, ili hewa iliyonaswa kati yake na kasha itoke. Povu moja dogo hapo huharibu picha zote, nalo halionekani kwa urahisi katika kioo cha kamera. Vilevile lenzi ifungwe kwa kamba nyembamba. Kina kikubwa cha Ziwa Kivu hukaribia mita 485, na miteremko yake ni mikali. Kilichoponyoka mkononi hapo hakiokotwi.

MWANGA UTOKE UBAVUNI

Flashi iliyomo ndani ya kamera ndogo iko karibu mno na lenzi. Huangaza chembe zote zilizo mbele yake, na picha hutokea kana kwamba theluji imenyesha ndani ya ziwa. Zaidi ya hayo, lenzi ya karibu huziba mwanga wa flashi hiyo, ikaacha kivuli cha duara chini ya picha. Tumia tochi ya kuzamia au flashi ya nje, iliyoshikwa pembeni.

Kwa alama iliyochongwa kwenye chuma, mwanga uje kutoka ubavuni kabisa, ukilala karibu sambamba na bamba. Kila mchoro hapo hutupa kivuli chake, na tarakimu ambayo kwa mwanga wa mbele ilikuwa imefutika, huinuka ikasomeka. Piga mara moja kutoka kushoto, mara moja kutoka kulia, mara moja kutoka juu. Ile ambayo upande mmoja ilionekana kuwa 8, yaweza upande wa pili kukiri kwamba ni 3. Sasa waona faida ya zile sentimita 15 au 20 ambazo lenzi ya wastani imekuachia: bila hizo, mwanga wa ubavuni ungepita wapi?

FUNZO LA WAZEE WA KAZI

Haya si mambo mapya. Mfaransa Louis Boutan alipiga picha chini ya bahari huko Banyuls mwaka 1893. Miaka ya sitini, kamera iliyobuniwa na Jean de Wouters kwa ajili ya Jacques Cousteau ilichukuliwa na kampuni ya Nikon ya Japani, ikauzwa tangu mwaka 1963 kwa jina la Nikonos hadi ilipoachwa mwaka 2001. Kamera ile haikuwa na njia ya kumwonesha mtu kama picha i wazi au la. Kwa kazi ya karibu, mbele yake palifungwa fremu ya waya: kitu kikiwa ndani ya waya, picha ilitoka safi, kikiwa nje, haikutoka.

Fremu ile ingali na faida leo. Fundi yeyote wa Kamembe aweza kukunja waya na kuufunga kwenye kasha, ncha zake zikigusa mahali hasa ambapo lenzi yako huona kwa uwazi. Katika maji yenye tope, kamera ikishindwa kujitafutia uwazi, zima utafutaji huo, gusisha waya pembeni mwa bamba, upige.

JARIBIO LA BESENI

Kipimo kilichoandikwa kwenye lenzi si kiapo. Lenzi yenye kioo bapa na hewa ndani, ikiwa ni ya +10, hewani huona vema katika sentimita 10, lakini majini umbali huo hunyooka hadi sentimita 13 hivi, kwa sababu ile ile ya kupinda kwa mwanga. Kwa hiyo kila lenzi ipimwe majini kabla ya kwenda kazini. Chukua beseni kubwa, lijaze maji, zamisha kasha likiwa tupu kwanza, na karatasi ya shashi ndani yake, uone kama unyevu unapenya. Likiwa kavu, tia kamera. Weka rula chini, vuta zumu yote, piga picha huku ukisogea sentimita moja moja. Andika umbali uliotoa picha safi na upana wa rula uliojaza picha, kisha ubandike maandishi hayo mgongoni mwa kasha.

Baada ya hapo tia kiganja cha udongo ndani ya beseni, urudie. Jaribio la maji meupe hukuonesha kioo chako. Jaribio la maji machafu hukuonesha kazi yako. Askari aliyefanya zoezi hili mara kumi hatababaika atakapokuwa chini, na baridi, na dakika chache za hewa.

KIELELEZO NI DHAMANA

Picha nzuri isiyotunzwa haina thamani mbele ya hakimu. Alama ipigwe mara mbili: mara moja bila rula, ili ionekane kwamba hakuna kilichofunikwa, na mara moja pamoja na rula. Kioo cha lenzi kiwe sambamba na bamba. Kumbukumbu ya asili isiguswe. Kama mwanga unahitaji kurekebishwa, hufanyiwa nakala. Iandikwe nani alishuka, saa ngapi, kina gani, lenzi gani, na nani aliipokea kadi ya kamera kutoka mkononi mwake. Na silaha ikiopolewa, desturi ya wachunguzi wengi ni kuihifadhi ndani ya maji yale yale iliyotoka, hadi ifike maabara, kwa kuwa hewa ikiigusa kutu hukimbilia alama.

ZIWA LENYEWE LAHITAJI HESHIMA

Watu husikia habari za gesi za Ziwa Kivu, zile takriban kilometa za ujazo 300 za kaboni dayoksaidi na 60 za methani, wakaogopa hata kuoga. Gesi hizo zimefungiwa katika tabaka za kina kirefu. Samaki na wazamiaji wote hukaa katika tabaka la juu, kwani chini ya mita 60 au 70 hamna oksijeni ya kutosha viumbe. Hatari ya kweli kwa mpiga mbizi iko penginepo: katika kimo.

Ziwa hili liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na uzito wa hewa hapa ni kama asilimia 85 ya ule wa Mombasa au Dar es Salaam. Majedwali ya kuzamia yaliyotungwa kwa ajili ya bahari hayatumiki yalivyo. Mzamo wa mita 20 hapa huhesabiwa kana kwamba ni wa mita 23 au 24. Na aliyemaliza kuzama asipande gari siku hiyo hiyo kuelekea Kigali, maana barabara hupanda Nyungwe hadi zaidi ya mita 2,300, na huko gesi iliyomo katika damu yaweza kutoka kwa fujo, kama soda iliyofunguliwa ghafula. Apumzike Cyangugu hadi kesho yake, kwa ushauri wa mwalimu wake wa mbizi. Pia ajiepushe na mahali Mto Rusizi unapotoka ziwani kwenda kwenye mabwawa ya umeme, maana mkondo hauna huruma. Na asisahau kwamba mpaka umepita humo humo majini.

Basi turudi kwa yule mzamiaji na injini yake. Safari hii ameteremka na lenzi ya +5 kwenye bawaba. Amepiga mahali pote, kisha injini nzima na skrubu zilizokatwa, kisha amefunga bawaba. Ameegemeza kiwiko juu ya jiwe, ameshika pumzi yake katika utulivu bila kuibana, waya umegusa pembeni mwa bamba, tochi imelala ubavuni. Picha tatu. Amepanda juu taratibu.

Katika meza ya kituo, namba yote inasomeka, tangu tarakimu ya kwanza hadi ya mwisho, na ya mwisho ni 3. Mmoja kati ya wale wavuvi wawili anakunja karatasi zake kimya. Mwingine anarudishiwa riziki ya watoto wake. Lenzi iliyofanya kazi hiyo haikuwa kali kuliko zote zilizokuwa dukani. Ilikuwa ile iliyopimwa katika beseni, na mwenyewe aliijua.